Hodhi la Kifuta Machozi

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, ni hii zamani ya juzi, bomba la maji lilipokuwa limekwisha kuingia mjini Pangani na visima bado havijafunikwa, palikuwa na nyumba ya mawe. Ndani yake mlikuwa na wake wawili, wifi mmoja na shada la funguo. Msiniulize kwanza habari za bwana wa nyumba. Bwana tutamfikia. Tuanze na funguo.

Funguo alikuwa nazo Bi Mwanamvua, mke mkubwa. Ufunguo wa ghala, ufunguo wa stoo ya mchele, ufunguo wa kabati la vyombo vya wageni, ufunguo wa mlango wa uani, zote kazifunga kwenye pindo la kanga yake tangu alipoolewa. Akitembea zinalia, na watu wakizisikia hujiweka sawa. Akisema leo pilau, ni pilau. Akisema leo mihogo, basi hata mgeni wa heshima atakula mihogo na atashukuru. Mwenyewe hakujiona kuwa ana cheo. Alijiona ana funguo, na hilo lilimtosha.

Mumewe aliitwa Bwana Mwinyikombo, mfanyabiashara wa mbata, zile nazi kavu za kukamuliwa mafuta, mtu mpole, mwenye maneno machache. Siku moja akamkalia Mwanamvua kitako, akamwambia anataka kuoa mke wa pili. Mwanamvua hakulia mbele yake. Alikwenda kulia stoo, kajifungia kwa ufunguo wake mwenyewe. Na kwa desturi ya kwao, mume akioa tena humpa mke wa kwanza kitu cha kumpoza moyo, ndicho wanachokiita kifuta machozi. Wengine hupewa bangili, wengine hupewa doti za kanga. Mwanamvua alipewa hodhi la kuogea.

Ndiyo, hodhi. Msicheke. Meneja mmoja wa shamba la mkonge alikuwa anarudi kwao Ulaya, vitu vyake vikanadiwa, na Bwana Mwinyikombo akarudi na hodhi la chuma, refu, jeupe, limebebwa na wapagazi na kufunikwa jamvi kama maiti. Mwashi akaliingiza kwenye bafu iliyoungana na chumba cha Mwanamvua, akalisukuma mpaka ukutani, akalizungushia mawe na saruji. Lilikuwa na matundu mawili. La chini la kutolea maji, na la juu, karibu na ukingo, la kupitishia maji yanayozidi ili yasimwagike sakafuni. Nyuma ya tundu la juu palikuwa na bomba lililopinda, limefichwa ndani ya ukuta. Mwashi alipomaliza, hapakubaki hata upenyo wa kutia kidole nyuma ya hodhi lile.

Na ukuta wenyewe, kwa upande wa pili, ulikuwa ukuta wa chumba cha Bi Asumini, mke mdogo.

Asumini aliletwa kwa ngoma na vigelegele. Mwanamvua alimpokea, akampakulia chakula, akamwonyesha jiko. Lakini chumbani kwake hakuingia, kwa sababu adabu ya nyumba ile ilikuwa hiyo: mke haingii chumba cha mke mwenzake. Miguu yake ilishika adabu, moyo haukushika. Alikuwa akipita ukumbini, harufu ya udi inamjia mlangoni kwa Asumini, na wivu unamwambia: ana kitanda cha namna gani? Ana kioo kikubwa? Bwana akiingia humo, kofia yake anaiweka wapi? Anarudi chumbani kwake, anafungua bomba, anajaza hodhi nusu, anaingia. Alikuwa amekulia maji ya kisima na mkono wake haukujua kujaza zaidi ya nusu. Hata zamu yake ikifika na bwana akaoga humo, maji alimwekea yeye, na alimwekea nusu.

Mtu wa tatu alikuwa Bi Tunu, dada yake bwana. Aliwahi kuolewa Tanga na fundi wa bomba, wakaachana, akarudi kwa kaka yake na sanduku moja na mwili wake mkubwa na maneno yake mengi. Asubuhi anakaa na Mwanamvua, anamhadithia ya Asumini. Jioni anakaa na Asumini, anamhadithia ya Mwanamvua. Kila mmoja alimwona wifi wake ni wa upande wake. Na Mwanamvua alijua kabisa kwamba wifi akitazama, hatazami uso wa mtu. Anatazama pindo la kanga.

Sasa sikilizeni jinsi maneno yalivyoanza.

Asumini aliona doa la maji ukutani, nyuma ya kitanda chake. Doa likatanuka. Chokaa ikavimba, ikaanguka vipande vipande juu ya mto. Akatoka ukumbini, kanga kaifunga kiunoni, akasema, "Bi Mkubwa, unaoga wewe, nalowa mimi."

"Mimi naoga nusu hodhi," Mwanamvua akajibu. "Nusu hodhi haiwezi kuvuka ukuta."

"Basi ukuta unalia wenyewe?"

"Labda. Ukuta umeona mengi humo ndani."

Na yakaendelea. Leo hivi, kesho hivi, mpaka wauza samaki wakawa wanachelewa makusudi pale mlangoni wasikie. Bwana Mwinyikombo alivumilia, akavumilia, mpaka asubuhi moja aliyokuwa anakwenda mashambani kununua mbata. Akawaita wote watatu. Akamnyooshea Mwanamvua kiganja. "Niletee funguo, mke wangu."

Mwanamvua alidhani anataka kufungua ghala. Akazifungua pindoni, akampa. Bwana akazitia mfukoni mwa koti.

"Posho nimekwisha kuwapimia, iko jikoni," akasema. "Hodhi lile lisivunjwe, nimelitoa kwa moyo. Ukuta ule usilowe, nimeupaka chokaa kwa moyo. Atakayeyakomesha maji haya, ndiye atakayeshika funguo za nyumba hii. Awe mkubwa, awe mdogo, awe dada yangu."

Akaenda zake. Wanaume hao.

Mwanamvua akatembea toka ukumbini mpaka uani bila kitu kulia pindoni. Siku ile ile wakaja wageni kutoka Muheza, akawaandalia kwenye mabakuli ya kila siku, kwa sababu kabati la vyombo vya wageni limefungwa na hana cha kulifungulia. Wageni wakala. Mmoja akatazama bakuli, akatazama pindo la kanga, akateremsha macho. Iliuma. Acheni niseme hivyo hivyo, iliuma. Kumpoteza mume nusu aliweza kukubali, maana nusu nyingine ilibaki. Funguo hazina nusu.

Akaita fundi. Fundi akaja, akagonga hodhi, akagonga ukuta, akasema, "Mama, njia ni mbili. Nivunje hodhi, au nipitie chumba cha upande wa pili."

"Hodhi langu halivunjwi," akasema Mwanamvua.

"Na chumbani kwangu haingii mwanamume wakati mwenyewe hayupo," akasema Asumini kutoka nyuma ya pazia.

Fundi akanywa kahawa aliyoandaliwa, akachukua mfuko wake, akaaga. Hapo wivu ukamwambia Mwanamvua: umeona? Ana nini humo chumbani asichotaka kionekane?

Zikapita siku. Jirani akafiwa, na Mwanamvua akaenda kwenye hitima asubuhi, akashinda huko mpaka karibu na adhuhuri. Aliporudi, kabla hajamaliza kuvua buibui, Asumini akamtokea ukumbini na mto mkononi. Foronya nyeupe ya harusi, na katikati yake doa la manjano.

"Tazama, Bi Mkubwa. Sasa maji yako yanakuja na rangi."

Mwanamvua akatazama. "Yamekuja lini?"

"Leo. Asubuhi hii hii mto ulikuwa mkavu, na sasa tazama."

"Asubuhi hii hii mimi nilikuwa hitimani."

Asumini akautazama mto alioushika kana kwamba amepewa na mtu mwingine. Na mlangoni mwa jiko Bi Tunu alikuwa anapepeta mchele polepole, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Ni bizari," akasema Tunu. "Nimeipaka mimi, ndani ya lile tundu la juu la hodhi. Maji ya nusu hayafiki pale, wifi mkubwa hana kosa. Aliyeoga leo amejaza mpaka juu. Maji yamepita tunduni, yamechukua bizari, yamevuja nyuma, yametokea kwenye mto wa kulalia. Mimi simtaji mtu. Lakini bwana hayupo, mkubwa alikuwa hitimani, na mimi hodhi lile halinitoshi."

Kumbe kila Mwanamvua alipotoka, kwenye hitima, kwenye harusi, kumzuru mgonjwa, Asumini alikuwa anapita chumbani kwake kimyakimya, anajaza hodhi mpaka pomoni, anajilaza humo. Kaulowesha ukuta wake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe, akatoka kugomba.

Wivu ukamwambia Mwanamvua: toka barazani, utangaze, mtaa mzima usikie. Ameingia chumbani kwako. Ameingia kwenye kifuta machozi chako. Mwanamvua akavuta pumzi atangaze, na hapo akaukumbuka mfuko wa koti la bwana na funguo zilizomo, ambazo kelele hazitazitoa, akaitoa pumzi bure. Akamgeukia Tunu. "Umejua tangu lini kama ni tundu la juu?"

"Tangu siku ya kwanza. Nimemshikia taa mume wangu miaka yote ile, sitajua?"

"Na ukanyamaza tunatukanana?"

Tunu akapuliza makapi ya mchele. "Siku ya kwanza funguo zilikuwa kwako, wifi. Mimi ningepata nini?"

Aliyasema hayo bila haya. Kisha akaeleza kazi. Kati ya hodhi na lile bomba lililopinda kuna pete ya mpira. Mpira umekauka, umepasuka, maji yanapita kwenye ufa. Unatiwa mpira mpya, skrubu zinakazwa, basi. Lakini zinakazwa kwa mbele, ndani ya hodhi, na lazima mtu mwingine alishike bomba kwa nyuma. Likiachiwa litatumbukia ndani ya ukuta, na hapo hapana tena ila kuvunja.

"Nyuma hapafikiki," akasema Mwanamvua.

Asumini akasema bila kuinua uso, "Panafikika. Nina kidaka."

Nyumba za mawe mnazijua, kuta zake zina vidaka, vile vishimo vya kuwekea taa na vikombe. Kidaka cha Asumini kilikuwa juu ya kichwa cha kitanda, kakifunika kwa kitambaa cha kufuma, na nyuma yake ukuta ulibaki mwembamba na umekwisha kulainika kwa maji. "Nitakubali kivunjwe," akasema. "Lakini fundi haingii. Tutaingia sisi."

Mpira hapo mjini haukupatikana. Walituma duka hili na duka lile, wakaambiwa mpaka Tanga. Ndipo Mwanamvua alipoingia chumbani kwake, akatoka na mfuko wa mpira wa maji ya moto. Bwana alimletea mfuko ule alipougua kiuno baada ya kumzaa binti yao wa mwisho. Kiuno kilipona, mfuko ukabaki. Na zamu ya bwana ikiwa kwa Asumini, Mwanamvua huujaza maji ya moto, akalala nao upande ule ambao mume hayupo. Hakuna mtu aliyelijua hilo, nanyi msiende kulisema. Akachukua mkasi, akaweka juu ya mpira kile kifuniko cha tundu la juu, kinachochomoka kwa mkono, akaufuata mviringo wake, akakata pete. Mfuko ukabaki mdomo wazi, haufai tena.

Haya, wakaanza. Tunu akachukua nyundo, akagonga ndani ya kidaka. Jiwe likabomoka kwa urahisi, pakatokea tundu jembamba. Tunu akajaribu kutia mkono, ukagota kwenye kifundo. Asumini akajaribu, ukaishia kwenye kiwiko, maana bangili zake za harusi zilijikusanya hapo, na hazivuki kiganja azivue. Mwanamvua akatia wake, mwembamba, wa mtu aliyekwisha kukonda kwa mawazo, ukapita mpaka begani.

Basi ikawa hivi. Mwanamvua abaki chumbani kwa Asumini, kapiga magoti juu ya kitanda, mkono umo ukutani. Asumini aende chumbani kwa Mwanamvua, aingie ndani ya hodhi na bisibisi. Na Tunu akae ukingoni mwa hodhi. Lakini Tunu, kabla skrubu hazijalegezwa, akapitisha uzi wa katani ndani ya tundu, akalifunga lile bomba, mwisho wa uzi akajizungushia kidoleni. "Ndivyo alivyokuwa akifanya yule bwana wangu wa Tanga," akasema.

Mwanamvua akabaki peke yake katika chumba alichokiwaza tangu siku ya harusi ile. Shavu lake liko ukutani, haoni ila upande mmoja, na upande ule palikuwa na meza ndogo ya bwana. Alitarajia kuona marashi. Alitarajia kuona hariri. Akaona miwani, imefungwa uzi kwenye sikio moja. Akaona kopo la dawa ya kuchua. Akaona soksi nene za sufu, za mtu anayesikia baridi usiku.

Kwake yeye Mwanamvua, bwana hakuwahi kuvaa miwani. Kwake alisema macho yake mazima. Kwake alipanda ngazi mbilimbili na kusema magoti yake ya kijana. Mwanamvua aliyeanza naye ujana, aliyetegemea kuzeeka naye, akatazama kopo lile la dawa na wivu ukamwambia neno ambalo haukuwahi kumwambia siku zote: ujana wake alikupa wewe, lakini hata uzee wake kaupeleka huku.

Skrubu ya mwisho ikatoka. Mpira wa zamani ukang'olewa, mpira mpya ukapitishwa umekunjwa, Mwanamvua akaukunjua kwa ncha za vidole na kuuweka mahali pake. Bomba likawa mkononi mwake lote. Na hapo sauti ya Asumini ikapenya ndani ya ukuta, karibu kabisa, kama iko ndani ya mkono wake.

"Bi Mkubwa, shika vizuri. Na usijali dawa inanuka humo. Kila usiku namchua magoti ndipo alale."

Hakuwa na nia mbaya. Lakini Mwanamvua akafungua vidole.

Hakuteleza. Hakuchoka. Alifungua vidole, kimoja kimoja, akaliachia bomba litumbukie, ukuta uvunjwe, kitanda kitolewe, chumba kile kisikalike. Ningesema kwamba alijuta papo hapo, lakini hakujuta. Alisikia raha.

Bomba halikutumbukia. Uzi ukalidaka, likaning'inia. Upande wa pili Asumini alikuwa ameinama anatafuta skrubu iliyoangukia ndani ya hodhi, hakuona kitu. Tunu ndiye aliyesikia uzi unamkata kidole. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Shika, wifi."

Mwanamvua hakushika.

Asumini akainuka, akajaribu skrubu, ikakosa mahali pa kuingia. "Mkono umechoka, Bi Mkubwa? Basi pumzika, tutangoja." Akakaa ndani ya hodhi tupu. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nakuja humu kwa sababu ya kuimba kwake."

"Kuimba kwa nani?" Mwanamvua akauliza.

"Bwana. Zamu yako, akioga, namsikia anaimba. Na wewe unacheka. Nimelala hapo ulipo, sikio ukutani, nasikia vicheko na maji. Kwangu hajaimba hata siku moja. Kwangu anaguna, anapaka dawa, analala. Nikasema nikaone hilo hodhi lina nini. Nikawa najaza mpaka juu, najilaza, nangoja nicheke. Nilikuwa nakuchukia, Bi Mkubwa. Hata sasa bado kidogo."

Mwanamvua alikijua kilichokuwa kinachekesha, na hakuwa na nia ya kumpa mtu mwingine. Lakini akatia mkono chini, akalitafuta bomba gizani mle, akalipata, akalipandisha mpaka likakaa sawasawa na tundu. "Kaza," akasema.

Asumini akakaza. Mkono wa Mwanamvua ulichubuka kwa mawe, ukafa ganzi, hakuuondoa mpaka skrubu ya mwisho ilipogoma kuzunguka. Wakajaza hodhi mpaka juu kabisa. Maji yakafika tunduni, yakapita, yakashuka kwa njia yake. Wakaenda wote watatu kuutazama ukuta. Siku ile haukuongeza unyevu, na siku zilizofuata ukakauka.

Bwana Mwinyikombo akarudi. Akaupapasa ukuta, mkavu. Akajaza hodhi mpaka pomoni, ukuta mkavu. Akaketi ukumbini, akatoa shada la funguo mfukoni, akauliza, "Nani?"

Tunu akatangulia. "Ni mimi, kaka. Fundi alishindwa, mimi nikajua. Mimi nilipaka bizari, mimi nilisema ni mpira, mimi nilifunga uzi. Bila kichwa changu, hawa wangegombana mpaka nyumba ianguke."

Asumini akasema, "Ni mimi, bwana. Yeye alijua, lakini kujua hakupiti ukutani. Mimi nilitoa kidaka changu, nikamfungulia mke mwenzangu chumba changu. Nani kati yao angekubali kuvunjiwa kichwani mwa kitanda chake? Na skrubu nilizikaza mimi, kwa mkono huu."

Mwanamvua akasema, "Ni mimi. Mpira ni wangu, nimekata kitu ambacho sitakipata tena. Mkono ni wangu, hakuna mwingine uliopita. Na funguo zilikuwa zangu kabla hawa hawajaijua nyumba hii."

Bwana akamtazama huyu, akamtazama huyu, akamtazama huyu. Alikuwa hodari wa kupima mbata, si wa kupima maneno haya. Akaziweka funguo juu ya mkeka, katikati yao.

"Shada ni moja," akasema. "Mimi naenda msikitini kusali alasiri. Nikirudi nimkute mwenyewe amezishika, na sitauliza zaidi. Nikizikuta hapo chini, nitazichukua mimi, na nyumba hii haitakuwa na mwanamke mwenye funguo."

Akavaa kofia, akatoka. Wakabaki watatu na funguo.

Mkono wa Mwanamvua ndio uliokuwa karibu. Chubuko zake bado zilikuwa mbichi. Akautazama, akainua macho, akamkuta Tunu naye anautazama, huku anajisugua kidole kilichokatwa na uzi. Tunu akijongea kuzichukua, Mwanamvua atasema: huyu alijua tangu siku ya kwanza, akatuacha tuvuliane nguo mbele ya wauza samaki. Asumini akijongea, Tunu atasema: huyu ndiye aliyelowesha ukuta. Na Mwanamvua akijongea? Asumini hajui lolote. Asumini ameketi, anamtazama mke mwenzake kwa macho ya mtu anayedhani amesaidiwa.

Yule bila uzi wake, bomba lingezama. Yule bila chumba chake, bomba lisingefikiwa. Yule bila mkono wake, bomba lisingeshikwa. Na yule alinyamaza, na yule aliiba maji, na yule alifungua vidole.

Sasa mimi nimechoka, jibuni nyinyi. Msiniambie wagawane, bwana amekwisha sema shada ni moja. Msiniambie kosa ni la mume, hilo twalijua na halifungui kabati. Sala imekwisha, watu wanatoka msikitini, viatu vyake vimeanza kusikika barazani. Semeni upesi kabla hajashika kitasa: je, nani kati yao alistahili funguo?